Bega la Jirani

Wapendwa, kabla sijasema lolote naomba masikio yenu. Wenye watoto wadogo, wapeni kitu cha kuchezea mkononi. Leo nimepanda hapa na vyungu viwili, na mzee wa kanisa ameshaniuliza mlangoni kama tunapika. Hatupiki, mzee. Tunasikiliza.

Nakigonga hiki cha kwanza kwa kifundo cha kidole. Mmesikia? Kinalia, na mlio wake unakawia kuisha. Sasa cha pili. Mmesikia? Pwa! Kama boga lililooza. Vyote viwili ni vya udongo mmoja, vimefinyangwa na mikono ile ile, na kutoka hapo mlipo hamwezi kuona tofauti. Lakini hiki cha pili kina ufa mwembamba kuliko unywele. Kitie maji asubuhi. Jioni utakuta meza imelowa na chungu kimekauka.

Je, kiliharibikia wapi? Kwenye udongo? Hapana. Kwenye mikono ya aliyekifinyanga? Hapana. Vyungu huharibikia motoni. Basi njooni niwapeleke motoni.

Palikuwa na mama mmoja mfinyanzi, kijiji cha kando ya ziwa, kule ambako upepo ukiamka hauulizi mwenye nyumba kama amefunga mlango. Kijiji kizima wanawake wake walikuwa wafinyanzi, lakini huyu alikuwa fundi wa mafundi. Mitungi yake mikubwa ya maji ilikuwa na tumbo la mviringo kamili, ukiitazama unatamani kuishika. Watu walitoka milimani na magunia ya mahindi kuifuata. Maana biashara yao ilikuwa hivi: ukikitaka chungu, unakijaza mahindi mpaka mdomoni, mahindi anabaki nayo mfinyanzi, nawe unaondoka na chungu. Hakuna kupunjana hapo. Chungu chenyewe ndicho kipimo.

Sasa wanawake wale hawakuwa na tanuri la matofali. Walichoma pamoja, mahali pa wazi karibu na ufuo. Kila mmoja alileta vyungu vyake, wakavipanga juu ya kuni, wakavifunika kwa nyasi kavu, na juu ya nyasi wakaweka vigae vya vyungu vilivyovunjika zamani. Na kulikuwa na mpango. Mitungi mikubwa ilisimama upande wa ziwani, upande upepo unakotoka. Vyungu vidogo na vile vyembamba vilikaa ndani, nyuma ya mikubwa. Mkubwa anamkinga mdogo. Mdogo naye anashika joto, anamrudishia mkubwa mgongoni. Hakuna aliyewafundisha darasani. Walikuta mama zao wanafanya hivyo.

Lakini kuchoma pamoja kuna kero yake, nanyi mnaijua, maana hata sisi tunakaa pamoja humu. Pale chungu kinapoegemeana na mwenzake motoni, moto haupati hewa, na chungu kinatoka na doa jeusi ubavuni. Halifutiki. Usugue kwa mchanga, usugue kwa majivu, utachoka wewe. Wanawake wale waliliita doa hilo "bega la jirani." Hakuna mtungi uliowahi kutoka kwenye moto ule bila kuwa nalo.

Yule mama fundi doa hilo lilimkera. Na kilichomkera zaidi ni bega lilikotoka. Alikuwa na jirani mmoja, mjane kijana mwenye watoto wa kulisha, mcheshi, msema sana, na mikono yake kwenye udongo, Mungu amsaidie. Vyungu vyake vilikaa upande kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Na vyungu vilivyopinda, motoni huegemea. Vinamwegemea nani? Vinaegemea mitungi ya fundi! Mwaka ule kila alipofukua majivu, alikuta doa, na kila alipolifuatilia doa, alikuta chungu cha jirani kimelala hapo kimestarehe.

Basi ikawa binti wa yule mama amechumbiwa, na harusi ilikuwa mwisho wa juma. Na kwao bibi harusi hutoka nyumbani na mtungi uliofinyangwa na mama yake mzazi. Asubuhi yake ya kwanza ukweni anauchukua, anakwenda kuteka maji, na wakwe wanakaa wakitazama. Mtungi ukishika maji, wanasema, "Huyu ametoka kwa watu." Ukivuja, hakuna atakayesema neno. Watanyamaza tu. Nanyi mnajua ukimya wa wakwe unavyouma kuliko matusi.

Mama alifinyanga mitungi miwili, maana mfinyanzi mwenye akili hategemei mmoja. Ule wa kwanza ulitoka mzuri hata yeye mwenyewe alikaa chini akautazama. Akausugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka ukang'aa ungali mbichi. Mtungi ule, akasema moyoni, hautatiwa doa na mtu.

Siku moja kabla ya kuchoma, jirani akaja, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Dada, kesho tunawasha mapema kabla upepo haujaamka. Nafasi yako ni ile ile ya upande wa ziwani."

"Safari hii nachomea nyumbani kwangu," mama akajibu bila kuinua macho.

"Nyumbani? Peke yako?"

"Kwani moto si moto? Kuni si ni zile zile?"

Jirani akacheka, akidhani ni utani. "Haya dada. Lakini nafasi yako tutakuachia."

Nawauliza, ndugu zangu: alikosea wapi mama huyu? Moto si moto kweli? Kuni za nyumbani haziwaki? Mimi nikimsikiliza naona ana hoja. Na hoja hiyo naisikia kila nikikutana na watu sokoni. "Mchungaji, Mungu si ni yule yule? Biblia ninayo. Redio ninayo, mahubiri yanaingia mpaka kitandani. Nikija kanisani nakutana na fulani, na fulani ananiharibia Jumapili yangu." Hoja nzuri. Imesuguliwa kwa jiwe laini, inang'aa. Tuitie motoni tuone.

Kesho yake moshi ulipanda mahali pawili. Mmoja ufuoni, mkubwa. Mwingine nyuma ya nyumba ya fundi, mwembamba. Alikuwa ameuweka mtungi wake peke yake juu ya kuni safi, umekaa kama malkia, hakuna wa kuugusa. Moto ukashika vizuri. Akatabasamu. Binti akaleta nyasi za kuongezea.

Kisha ziwa likaamka.

Upepo ulikuja mapema kuliko kawaida. Ukapita juu ya ua, ukaingia motoni, ukaufagia moto wote upande mmoja. Ubavu mmoja wa mtungi ukawa mwekundu, na ubavu wa pili umeachwa wazi kwa baridi. Mama akakimbilia matete ya kuzibia, yakapeperushwa, akasimama na kanga yake ameitanua kwa mikono miwili kukinga upepo. Mtu mmoja na kanga moja! Upepo ukamzunguka.

Wakasikia mlio mmoja tu. Ta!

Moto ulipopoa, mama akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole. Pwa. Ufa ulianzia mdomoni ukashuka mpaka tumboni. Binti akakaa chini akafunika uso. Mama hakulia. Alikwenda ndani, akautoa mtungi wa pili, ule ambao hakuupenda sana, mbichi bado, akaubeba kifuani kama mtoto mgonjwa, akaenda ufuoni.

Njiani alijipanga maneno. Alijua watamcheka. Jirani, kwa mdomo ule, atapata hadithi ya mwaka mzima. Akasema moyoni, wacha wacheke, mimi nitaomba nafasi kwenye moto wa pili, kwa sababu mwanangu hawezi kwenda ukweni mikono mitupu.

Alipofika hakukuta kicheko. Aliwakuta wanawake wamekaa chini kuzunguka majivu. Mbele yao vigae. Vyungu vyote vya ndani, vile vidogo, vile vya kubadilishia mahindi, vimepasuka. Jirani alikuwa amekaa katikati ameshika kitako cha chungu, na mdomo wake wa maneno mengi haukuwa na neno. Watoto wake walikuwa wakila chungu kwa chungu, na sasa hapakuwa na chungu.

"Kumetokea nini?" mama akauliza.

Jirani akaonyesha kwa kidevu upande wa ziwani. Palikuwa na mtungi mmoja huku na mtungi mwingine kule, na katikati yake mahali patupu.

"Upepo uliingilia pale," akasema.

"Pale si..." Mama hakumaliza.

"Ni pale pako, dada."

"Sasa kwa nini hamkupaziba? Si mngesogeza mitungi mingine?"

Jirani akamtazama. "Wenzangu walitaka kusogeza. Mimi ndiye niliyekataa. Niliwaambia hukuwa umekasirika kweli, kwamba utakuja tu, hata dakika ya mwisho. Tulikungoja mpaka saa ya kuwasha ikafika. Tukawasha nafasi yako ikiwa wazi. Upepo ulipokuja tukajaribu kuiziba kwa vigae, ukaviangusha."

Wapendwa, mmemsikia jirani huyo? Mama wa watu alikuja na kilio chake. Alikuja akijua kwamba amepoteza mtungi mmoja. Kumbe siku ile aliposema, "Nachomea nyumbani," alikuwa amevunja vyungu vya watu ambao hakuwa hata amewafikiria. Alidhani anajitoa yeye tu. Kumbe alitoa ukuta. Miaka yote aliona vile vyungu vidogo vikimwegemea vikamtia doa. Hakuwahi kuona kwamba nyuma ya bega lake kuna watoto wanaokula.

Naogopa nikisema hili. Naliogopa kwa kicho, kama mtu anayevua viatu. Kwamba Mungu ametupanga hivi, mtu na mtu, na hakutuambia nani anamkinga nani.

Mama akauweka mtungi wake chini polepole. Akapiga magoti kwenye majivu yale ya moto bado, mbele ya mwanamke mdogo kwake kwa umri na kwa kazi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Simama dada, utaungua," jirani akasema, na hapo ndipo wote wawili walipolia.

Hawakukaa kulia sana. Wafinyanzi hawana muda huo, na harusi haingoji. Siku ya pili, kabla ziwa halijaamka, walipanga moto mwingine kwa vyungu vyote vibichi vilivyobaki kijijini. Fundi akausimamisha mtungi wake mahali pale pale pa upepo. Jirani alikuwa amebakiwa na chungu kimoja, kimepinda kama kawaida yake. Alikuwa akizunguka nacho mkononi, akitafuta pa kukiweka asimkere mtu.

"Kilete hapa," fundi akamwambia. "Kiegemeze kwangu."

"Dada, huu si wa harusi? Kitakutia bega."

"Kiegemeze."

Wakawasha. Na sasa nataka muone nilichotaka mkione tangu nilipogonga chungu hapa mbele.

Moto ule una saa yake. Nyasi zikishaungua zote, na moshi ukishaisha, vyungu vinaonekana ndani ya makaa. Si vyeusi tena. Si vya rangi ya udongo. Vyote vinakuwa vyekundu, wekundu unaotoka ndani, hata unaona kama chungu kimefanywa kwa mwanga. Na kwa wanawake wale kuna desturi: saa hiyo ikifika, kila mtu anainuka na kunyamaza. Hata yule jirani. Hakuna anayenyoosha kidole kusema, "Kile changu." Na asingeweza! Maana katika wekundu ule huwezi kujua kipi cha fundi na kipi cha mwanafunzi, kipi kimenyooka na kipi kimepinda. Upepo ulikuja, ukagonga ubavu wa mitungi mikubwa, ukapanda juu, ukapita. Na ndani, chungu kimempa joto chungu, na wote wamekuwa kitu kimoja kinachowaka kisiteketee.

Fundi yule alikuwa amechoma vyungu tangu utotoni. Siku ile alisimama mbele ya moto ule kama mgeni. Akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi nilidhani ninajua kutengeneza mtungi."

Moto ulipopoa wakafukua. Akaugonga. Ukalia! Mlio ukaenda ukarudi juu ya maji. Na ubavuni, mahali ambapo mtu angelitazama kwanza, doa jeusi kubwa kama kiganja. Chungu cha jirani nacho kikagongwa, kikalia, kimepinda hivyo hivyo. Na kabla ya kwenda nyumbani fundi akavichukua vyungu vyake vidogo vilivyotoka siku ile, akavipanga mlangoni kwa jirani, akasema, "Watoto wapate chakula. Udongo upo mwingi."

Harusi ikafika. Asubuhi ya kwanza ukweni binti akatoka na mtungi kichwani, wakwe wamekaa wanatazama. Akateka, akarudi, akautua. Mama mkwe akauzunguka. Akapitisha mkono chini: pakavu. Akapitisha mkono ubavuni, akasimama.

"Mkwe wangu, mama yako tunamsikia ni fundi. Mbona mtungi wa harusi una doa?"

Binti akainamisha kichwa kwa heshima. "Mama, hilo ni bega la jirani. Mama alichoma mwingine usio na doa. Ule hauwezi kushika maji."

Mama mkwe akaushika mtungi kwa mikono yote miwili, akaugeuza, akaukalisha kwenye pembe ya nyumba doa likiwa linatazama mlangoni, kila aingiaye alione.

Sasa nakuja kwetu. Msishike mikoba, sijamaliza.

Ndugu zangu, sisi tumekaa humu na madoa. Tusidanganyane. Kuna aliyesemwa na kwaya. Kuna aliyesahauliwa alipofiwa, na wengine wakapikiwa matanga siku tatu. Kuna ambaye mnada wa sadaka za mavuno ulimharibia uhusiano na ndugu yake kwa sababu ya jogoo, naam, jogoo! Mnacheka, lakini watu wawili hawasalimiani humu kwa sababu ya jogoo wa Bwana. Mimi sitawaambia doa haliumi. Linaonekana, na halifutiki kwa majivu. Lakini mkiniletea Mkristo asiye na doa hata moja la kuegemewa na mwenzake, sitamsifu. Nitamgonga kwa kifundo cha kidole nimsikilize.

Neno tulilosomewa asubuhi hii linatuambia tusiache kukusanyika. Wengi wetu tunalisikia kama zamu, kama mahudhurio ya shule. Tunajiuliza, "Leo nimepata nini kanisani?" Tukiona hatukupata kitu, Jumapili ijayo tunabaki nyumbani, tunawasha kamoto ketu nyuma ya nyumba, na kweli kanawaka. Lakini ni nani aliyekwambia kwamba ulikuja ili upate tu? Nani aliyekwambia wewe ni chungu cha ndani? Huenda wewe ndiye mtungi wa upande wa ziwani, nawe hujui.

Tazameni benchi la tatu upande wa dirisha. Msigeuke wote kwa pamoja, nanyi! Pale alikuwa akikaa Baba Ambakisye. Mnajua yaliyotokea kwenye kamati ya ujenzi, sina haja ya kuyarudia. Tangu mvua za kwanza hajaja. Tumesema mengi juu yake. Tumesema ana kiburi, tumesema atarudi mwenyewe. Nafasi yake ni ile pale, na upepo unaingilia pale. Alikuwa akikaa kando ya kijana mmoja, kijana aliyekuwa ameanza kuacha pombe. Baba Ambakisye hakuwahi kumhubiria. Alikuwa akimsogezea kitabu cha nyimbo tu, na kumwonyesha ubeti kwa kidole. Mmemwona kijana yule mwezi huu? Nami sijamwona.

Basi leo jioni sitaki kamati iende kwa Baba Ambakisye. Kamati ndiyo iliyomfukuza. Nataka aende aliyemtia doa. Unajijua. Usiende na hoja. Nenda ukamwambie lile neno la jirani, halina maneno mengi: "Nafasi yako tumekuachia."

Na wewe uliyekuja leo umechoka, uliyekaribia kubaki kitandani, uliyekaa hapo tangu wimbo wa kwanza ukiona moyo wako ni udongo baridi tu, hujasikia kitu, hujaona kitu: usitoke ukidhani ulikuja bure. Geuka taratibu umtazame aliyeketi kando yako. Hujui amepambana na nini juma hili. Hujui ni neno gani la kukata tamaa aliloliweka tayari kulisema kwa Mungu kama leo asingekuta mtu kwenye benchi hili. Alikuta wewe. Upepo ulikuja asubuhi hii, ndugu yangu, ukagonga ubavu wako, ukapita juu, na mtu yule hakuvunjika, wala hutajua mpaka siku ile majivu yote yatakapofukuliwa.

Tusimame sasa. Hapana, msisimame mbalimbali hivyo. Sogeleaneni. Bega kwa bega.